Kobla ya mapichesi kwenye kikaango cha chuma: kwa nini chini huungua na katikati hubaki mbichi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninaishi Uyole, Mbeya. Nimepewa kikaango kizito cha chuma nikajaribu kuoka kobla ya mapichesi kwa jiko la mkaa, kwa kuwa sina oveni. Nilifuata vipimo vya mapishi ya Kimarekani bila kubadilisha chochote, lakini matunda yaliungua chini, donge la juu likabaki bichi katikati, rojo lilikuwa majimaji, tena lilikuwa na ladha ya chuma. Je, kikaango hiki hakifai kwa kuoka, au nakosea wapi?"

Marahaba, mwanangu. Kikaango chako kinafaa sana. Mapishi uliyoyafuata yaliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye oveni, ambamo joto hukifikia chakula kutoka pande zote, na huenda pia yaliandikwa kwa mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari, ilhali wewe uko Uyole. Kati ya mambo manne uliyoyataja, matatu yana chanzo kimoja, nacho ni kwamba moto wako mwingi ulikuwa chini ya kikaango wakati ulipaswa kuwa juu yake. La nne, yaani ladha ya chuma, lina sababu yake ambayo nitaieleza baadaye.

Kwa manufaa ya wasomaji ambao hawajawahi kuila, kobla ni matunda yaliyokatwa na kutiwa sukari, yakafunikwa kwa donge laini la unga wa ngano na kuokwa mpaka donge liwe na rangi ya kahawia na matunda yachemke chini yake. Ni chakula cha walowezi wa Marekani, na kilikuwa kimekwisha kuenea huko katika karne ya 19. Wengi wa walowezi hao hawakuwa na oveni. Walipikia vyungu vya chuma vyenye mifuniko bapa yenye ukingo, wakaweka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Kwa hiyo jiko lako la mkaa haliko mbali na asili ya chakula hiki, na mbinu yenyewe unaifahamu tangu zamani, kwa maana kila aliyepalia wali au kuoka mkate wa kumimina kwa mkaa amekwisha kuitumia.

Sasa tuangalie kinachotokea ndani ya kikaango. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hupitisha joto polepole kuliko alumini mara kadhaa, lakini kikishapata joto hulishikilia kwa muda mrefu. Ukikiweka moja kwa moja juu ya makaa, sehemu iliyo juu ya kaa lenyewe huwa ya moto sana huku kingo zikiwa bado baridi, na hata ukiona dalili ya kuungua ukakiepua, kinaendelea kuunguza kwa joto lililomo ndani yake. Sukari ya matunda ndiyo inayoanza kuungua, kwa sababu imetulia chini pamoja na maji yake. Kule juu hali ni kinyume. Donge limekalia maji ya matunda, na maji hayo hayawezi kupita joto la kuchemka kwake hata ukichochea moto namna gani. Upande wa chini wa donge hupata joto la kuchemshwa tu, na hivyo huwa kama kidonge cha unga kilichochemshwa kwenye mchuzi, wakati upande wa juu unategemea mfuniko. Mfuniko usipokuwa na makaa juu yake huwa baridi, mvuke wa matunda huugusa, hugeuka matone na kuanguka tena juu ya donge. Hapo ndipo unapopata donge bichi lenye utelezi na rojo la majimaji kwa wakati mmoja: maji yanayopaswa kutoka nje yanarudi ndani.

Makaa yakiwa juu, mambo hayo mawili hutatuliwa pamoja. Mfuniko unakuwa wa moto kiasi kwamba mvuke hauwezi kugeuka matone, na joto linalotoka juu linakausha donge na kulipa rangi. Kipimo ninachokipendekeza ni mafungu mawili ya makaa juu na fungu moja chini. Hilo fungu moja la chini usilirundike katikati. Litandaze kuzunguka ukingo wa jiko, kisha uinue kikaango juu ya mawe matatu madogo au vipande vya tofali ili kisiguse makaa. Kila baada ya dakika kumi, zungusha kikaango robo ya mduara upande mmoja na mfuniko robo ya mduara upande mwingine, kwa sababu hakuna makaa yanayowaka sawasawa kila mahali.

Kuhusu mfuniko wenyewe, nina maneno ya tahadhari. Kinachofaa zaidi ni bamba la chuma lenye unene kidogo, ambalo fundi wa kuchomelea anaweza kukukatia kwa umbo la duara na kulipa mshikio katikati na ukingo mdogo wa kuzuia makaa yasimwagike. Kama huna, chukua sufuria pana yenye kitako bapa, uifunike juu ya kikaango ikiwa imepinduliwa, na makaa uyaweke juu ya kitako chake. Hiyo inakupa pia nafasi ya donge kupanda bila kugusa juu, na nafasi hiyo isipungue sentimita nne au tano. Sufuria nyembamba ya alumini hupinda ikipata makaa makali, hivyo tandaza kwanza tabaka la majivu, ndipo uweke makaa yasiyopulizwa. Usitumie kipande cha bati la kuezekea. Mabati yale yamepakwa madini ya zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 419 za selsiasi na hutoa moshi wenye madhara yakizidi kupata joto, na makaa yaliyokolea huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Tena, najua jinsi baridi ya mwezi wa sita na wa saba ilivyo huko kwenu, na jinsi watu wanavyovutwa kuingiza jiko ndani. Oka nje au barazani. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na imekwisha kuua familia zilizolala na jiko ndani ya nyumba.

Mkaa nao una tofauti zake. Mkaa mgumu wa miti ya asili au wa miwati hukaa na moto mtulivu kwa muda wote wa kuoka, lakini ule mwepesi wa misindano huwaka kwa nguvu, kisha huisha ghafla, hivyo ukitumia huo uwe na makaa mengine yanayowaka pembeni tayari kuongezewa. Kama unapikia gesi, unaweza kuweka kikaango juu ya moto mdogo kabisa wa gesi na bado ukaweka makaa juu ya mfuniko. Moto wa gesi peke yake hautatoa kobla, kwa sababu ileile ya kukosa joto la juu.

Jambo la pili ni mwinuko wa mahali unapoishi. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mji wa Njombe unakaribia mita 2,000, na sehemu nyingi za Makete zimepita hapo. Hewa ya huko ni nyepesi, na kwa sababu hiyo maji huchemka Mbeya kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hilo lina maana tatu kwa kobla yako. Kwanza, matunda na upande wa chini wa donge hupikwa kwa joto pungufu, na kwa hiyo huhitaji muda zaidi. Pili, hewa inayotolewa na beking pauda hutanuka zaidi kuliko ukiwa Dar es Salaam, donge hupanda haraka kabla halijakomaa, kisha hudidimia na kuwa zito katikati. Tatu, unyevu hupotea haraka, hivyo donge huhitaji kijiko kimoja au viwili zaidi vya maziwa au mtindi. Ninyi mnaoishi nyanda za juu punguzeni beking pauda kwa robo mpaka theluthi moja ya kile kilichoandikwa katika mapishi ya pwani au ya nje. Ukipunguza zaidi ya nusu, donge litakuwa gumu.

Sasa nije kwenye ladha ya chuma. Mapichesi yana asidi, na mapichesi yetu madogo ya huku, ambayo nyama yake hung'ang'ania kokwa, huwa na uchachu mkali hasa yakichumwa kabla ya kuiva vizuri. Asidi hiyo ikikutana na chuma kisicho na ngozi ya mafuta hukila kidogo kidogo, na matokeo yake ni ladha uliyoionja pamoja na weusi ambao bila shaka uliuona kwenye rojo. Hakuna sumu hapo, kwa kuwa madini ya chuma ni sehemu ya lishe yetu, ila chakula kinapoteza utamu wake. Dawa ni kukichoma kikaango kwa mafuta kabla ya kukitumia. Kioshe, kikaushe juu ya moto mpaka pasibaki unyevu wowote, kisha ukipake mafuta ya alizeti ndani na nje, na mara moja uyafute kwa kitambaa kikavu kana kwamba ulikosea kuyapaka, hata ionekane hakuna mafuta yaliyobaki. Kipindue juu ya makaa ya wastani kwa muda wa saa moja, mpaka kiache kutoa moshi, ukiache kipoe chenyewe. Rudia kazi hiyo mara tatu au nne. Mafuta yale membamba hugeuka kuwa ngozi ngumu nyeusi iliyoshikamana na chuma. Ukiyapaka kwa wingi hubaki yakinata na hayatakusaidia kitu. Ninasisitiza alizeti kwa sababu mafuta yake hukauka na kuwa ngozi imara kuliko mawese au mafuta ya nazi.

Iwapo huna hakika kama kikaango chako ni cha chuma cha kusubu, jaribu sumaku. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, huenda ni alumini ya kusubu, ambayo pia huuzwa masokoni ikiwa nzito na yenye rangi ya kijivu, na hiyo hupata moto haraka zaidi, hivyo makaa ya chini yapunguzwe tena.

Nikupe sasa vipimo vinavyofaa kikaango chenye upana wa sentimita 25, kwa mwinuko wa Mbeya. Chukua kilo moja ya mapichesi yaliyoiva lakini bado yana ugumu kidogo. Yatie kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha kwenye maji baridi, na maganda yatavuliwa kwa vidole. Yakate vipande vinene kuzunguka kokwa, uchanganye na gramu 100 za sukari na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili, uyaache kwa nusu saa. Yakiwa yale machachu sana ongeza sukari mpaka gramu 130. Yakiwa matamu, kamulia nusu ya limau. Katika nusu saa hiyo yatatoa maji mengi, na maji hayo ndiyo yaliyokuharibia rojo. Yachuje kwenye sufuria ndogo, yachemshe peke yake mpaka yabaki nusu, yaache yapoe kidogo, ndipo ukoroge ndani yake kijiko kimoja na nusu cha chakula cha konifulawa (wanga wa mahindi) iliyoyeyushwa kwa maji baridi. Rudisha motoni ukikoroga mpaka liwe rojo zito linalong'aa. Ukikosa konifulawa, vijiko vitatu vya unga wa ngano vitafanya kazi hiyo, ingawa rojo halitang'aa. Tia iliki nne zilizotwangwa. Wamarekani hutumia zaidi mdalasini, nao si mbaya, lakini kwa mapichesi mimi huchagua iliki kila mara, kwa kuwa harufu yake huinua harufu ya tunda bila kuifunika.

Kwa donge, pima gramu 200 za unga wa ngano, gramu 50 za sukari, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, robo kijiko cha chai cha magadi ya unga (beking soda) na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Fikicha ndani yake gramu 80 za siagi baridi kwa ncha za vidole mpaka iwe chengachenga. Siagi halisi ina ladha nzuri kuliko majarini, na katika mikoa yenye maziwa mengi kama yenu sioni sababu ya kuikwepa. Mimina mililita 160 za mtindi, uchanganye kwa uma mara chache tu, mpaka pasionekane unga mkavu. Usikande. Unga tunaouziwa wengi wetu hukusudiwa chapati na mandazi, una nguvu ya kuvutika, na kila mara unapoukoroga unaiamsha nguvu hiyo, ambayo kwenye chapati ni sifa na kwenye kobla ni kasoro. Uchachu wa mtindi ndio unaoamsha magadi, kwa hiyo ukitumia maziwa matamu, yaache magadi na uongeze nusu kijiko cha chai cha beking pauda.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoomba uizingatie kuliko zote. Pasha kikaango polepole kwa dakika kumi, kiyeyushie kijiko cha siagi kikienee mpaka kwenye kingo, umimine matunda pamoja na rojo lake, na usubiri mpaka yaanze kutokota kabla hujaweka donge. Wapishi wengi huweka donge juu ya matunda baridi. Wanapofanya hivyo, dakika ishirini za mwanzo hupita joto likipasha matunda tu, donge likikaa juu ya maji ya uvuguvugu na kuyafyonza, na donge lililokwisha kulowa haliokoleki tena. Matunda yakiwa yanatokota, upande wa chini wa donge huanza kushikamana papo hapo. Lichote kwa kijiko na ulidondoshe kwa mafungu saba au manane yenye nafasi kati yake. Usilitandaze likawa blanketi, kwa sababu nafasi hizo ndizo njia za mvuke. Nyunyiza sukari kidogo juu yake.

Funika, weka makaa juu, na uondoe baadhi ya makaa ya chini mpaka usikie mchemko mdogo tu. Sikio lako litakusaidia hapa: mlio wa kutokota kwa utulivu ni salama, mlio wa kukaanga maana yake maji yamekwisha chini na sukari imeanza kuungua. Usifunue kwa dakika 25 za kwanza. Baada ya hapo chungulia, ufute matone yoyote yaliyo chini ya mfuniko, na kwa dakika kumi za mwisho uuache mfuniko wazi kidogo upande mmoja kwa kuuwekea kijiti ili mvuke utoke. Muda wote utakuwa kati ya dakika 40 na 50. Ingiza kijiti katikati ya fungu la katikati kabisa, kwa sababu mafungu ya pembeni huiva mapema na yanaweza kukudanganya. Kikitoka kikavu, ondoa kwanza makaa ya chini yote, uyaache ya juu kwa dakika tano zaidi kama rangi haijakolea.

Epua, usipakue kwa dakika ishirini. Chuma bado kina moto na kitaendelea kupika, na rojo la konifulawa huwa zito linapopoa. Wengi wanaolalamika kwamba kobla yao ni majimaji walipakua mapema tu. Kinachobaki kihamishie kwenye bakuli la udongo au la kioo siku hiyohiyo. Kikilala ndani ya chuma, asidi itakula ngozi ya mafuta uliyoitengeneza kwa taabu na ladha ile itarudi. Kikaango chenyewe usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto, maana chuma cha kusubu hupasuka. Kikishapoa, loweka kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, sugua kwa dodoki, tumia sabuni kidogo ikibidi, kausha juu ya moto na upake mafuta membamba kabla ya kukihifadhi.

Msimu wa mapichesi ukipita, utaratibu huu unafaa matunda mengine kwa marekebisho madogo. Plamu zina maji mengi na uchachu zaidi, hivyo sukari iongezwe na konifulawa ifike vijiko viwili. Mapeasi na matofaa ya Njombe na Makete ni magumu na yana maji machache. Hayo yakate membamba, uyapike ndani ya kikaango kwa siagi na sukari mpaka yalainike kabla ya kuweka donge, na rojo uliimarishe kwa kijiko kimoja tu. Maembe yanayoletwa kutoka Kyela yafaa yawe hayajaiva sana, la sivyo yatasambaratika yote na kuwa uji.